Mlango wa Mnyoo

Popote ulipo, jikoni, dukani, au njiani na simu yako sikioni, nipe dakika ishirini hivi. Leo tunaingia mahali padogo sana: kinywani mwa mnyoo.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikaribishwa kwenye maabara moja ya utafiti. Fundi wa maabara akanisogezea kiti, akarekebisha hadubini, akaniambia, "Tazama hapo katikati, kaka, ila usiguse kisahani." Nikatazama. Ndani ya kisahani cha kioo, kwenye maji ya uvuguvugu, walikuwemo wawili wamelala pamoja. Dume alikuwa mnene kidogo, mweupe kama uzi wa pamba, urefu wake kama sentimita moja. Mbavu zake zilijikunja zikafanya mfereji, na ndani ya mfereji huo amemlaza jike, mwembamba, mrefu kuliko yeye. Mwilini mwa jike ulipita mstari mweusi uliojipindapinda kutoka mbele hadi karibu na mkia. Nikauliza, "Huo weusi ni nini?" Yule fundi akajibu kwa sauti ya chini, "Ni damu hiyo. Ameshaila."

Huyo, msikilizaji, ndiye mnyoo wa kichocho cha tumbo, anayesumbua sana wenzetu wa Kanda ya Ziwa. Ana nduguye anayeishi kwenye mishipa inayozunguka kibofu, na huyo watu wa Unguja, Pemba na mwambao wanamjua kwa alama yake: mtoto anakojoa damu. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alimwona huyo wa kibofu mjini Cairo mwaka 1851 alipokuwa akichunguza maiti. Tangu hapo imepita karne moja na zaidi ya nusu, na mnyoo bado yupo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 walihitaji dawa ya kujikinga na kichocho, na katika kila 100 kati yao, zaidi ya 90 wanaishi barani Afrika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hukaa miaka mitatu, mitano, hata kumi, na kuna waliokutwa naye baada ya miaka thelathini. Hashiki jembe. Anakula, anataga, na mayai yake yanakwama kwenye ini, kwenye utumbo au kwenye kibofu. Yanayoumiza mwili hasa ni hayo mayai, kuliko hata mnyoo mwenyewe.

Dawa tunayo, nayo ni moja: prazikwanteli. Kama umewahi kuwa shuleni siku ya kumeza dawa, unaikumbuka. Watoto wamepanga foleni, mwalimu ameshika kijiti chenye alama, mtoto anasimama kando yake, urefu wake unaonyesha ameze vidonge vingapi. Vidonge ni vikubwa na vichungu, na bila uji au chakula tumboni mtoto anaweza kutapika. Ni dawa njema, imeokoa wengi mno. Lakini ina mipaka yake. Inamwua mnyoo mkubwa, ila mchanga aliyeingia mwilini wiki chache zilizopita hudhurika kidogo tu. Na mtoto akirudi ziwani kesho, anaambukizwa upya. Tena bara zima limeegemea nguzo moja. Wafugaji wa kondoo na mbuzi wanajua nguzo moja ni nini: mnyoo wa tumbo la kondoo, Haemonchus contortus, amezizoea albendazoli, levamisoli na ivamektini, moja baada ya nyingine.

Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta silaha za namna nyingine. Mojawapo ndiyo iliyonileta hewani leo. Kwa jina la kitaalamu inaitwa oligonukleotidi antisensi. Jina ni refu, basi wewe na mimi tuiite uzi kinyume.

Uzi kinyume ni nini? Hebu fikiria duka la fundi cherehani. Fundi mkuu ana vielelezo vya kukatia nguo, vya karatasi ngumu, anavifungia kabatini na havitoki. Ikija kazi, anachora nakala ya kielelezo kimoja, anampa kijana aliye kwenye cherehani. Kijana anafuata nakala, nguo inatoka. Ndivyo seli inavyofanya kazi, iwe yako au ya mnyoo. Vielelezo ni jeni, vimefungwa kwenye kiini cha seli. Nakala inayotoka inaitwa RNA. Na nguo inayoshonwa ni protini, ile inayojenga ngozi, misuli, mayai, kila kitu.

Sasa nakala hiyo imeandikwa kwa herufi nne tu, na kila herufi ina mwenziwe wa kushikana naye, kama meno ya zipu. Ukitengeneza kipande kifupi cha uzi, herufi kama 20 hivi, zilizopangwa kinyume cha herufi za nakala, uzi wako utaikuta nakala hiyo katikati ya maelfu ya nakala nyingine, utaibana, zipu ifunge. Hapo hutokea jambo la ajabu. Seli yenyewe ina kimeng'enya, tukiite mkasi, ambacho kazi yake ni kukata RNA yoyote iliyobanwa na uzi wa DNA. Mkasi unakuja, unakata nakala. Kijana wa cherehani anabaki mikono mitupu, na uzi wetu unachomoka mzima kwenda kutafuta nakala nyingine.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1978, Paul Zamecnik na Mary Stephenson wa Harvard, Marekani, walitumia uzi wa herufi 13 kuzuia virusi vya saratani ya kuku visizaane ndani ya seli. Ilichukua miaka 20 kupata dawa ya kwanza iliyoruhusiwa, fomivirseni, mwaka 1998, iliyodungwa ndani ya jicho la wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa hatarini kupofuka kwa virusi vingine. Mwaka 2016 ikaja nusinerseni, uzi wa herufi 18 unaodungwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Huu haukati nakala, unarekebisha namna inavyounganishwa, na baadhi ya watoto waliokuwa wakidhoofika misuli hadi kufa walianza kukaa, na wengine kutembea. Kwa hiyo nyuzi hizi si ndoto, ni tiba.

Kwa mnyoo, uzi kinyume una mvuto wa peke yake. Herufi 20 zinaweza kupangwa kwa namna zaidi ya trilioni moja. Vinasaba vyote vya mnyoo wa kichocho cha tumbo ni herufi karibu milioni 400, na ramani yake ilichapishwa mwaka 2009; ya yule wa kibofu ikafuata 2012. Vinasaba vyetu ni kama bilioni 3. Mtu mwenye ramani zote mbili mezani anaweza kuchagua herufi 20 zilizomo kwa mnyoo na kwetu hazimo. Dawa inayomsoma mnyoo kwa jina lake na kutupita sisi kando! Na mnyoo akibadilisha herufi moja ili aikwepe, mtaalamu naye anaweza kushona uzi mwingine. Nani asingeitamani?

Lakini msikilizaji, ugumu wa kazi hii uko mlangoni. Kuandika uzi siku hizi kuna mashine zinazofanya. Kuufikisha ndani ya seli ya mnyoo ukiwa mzima, hapo ndipo watu wanapotoka jasho. Kidonge cha prazikwanteli kikiyeyuka, chembe zake ni ndogo na zinapenda mafuta, zinapenya utando wa seli bila kubisha hodi. Uzi wa herufi 20 ni mzito mara 20 hivi kuliko chembe moja ya prazikwanteli, na mwili wake wote una chaji hasi. Utando wa seli ni mafuta, na mafuta hayapatani na kitu chenye chaji. Uzi unafika mlangoni, unasimama.

Katikati ya miaka ya 1990 watafiti nchini Marekani waliamua kumwuliza mnyoo wa kichocho mwenyewe. Walimweka pamoja na nyuzi za aina hii, wakafuatilia mambo matatu: zinaingiaje, zikishaingia zinakaa wapi, na zinadumu muda gani kabla ya kukatwakatwa. Mpaka leo mwenye kutengeneza dawa ya namna hii lazima ayajibu maswali hayo matatu. Tuyachukue moja moja.

La kwanza, zinaingiaje? Mnyoo wa kichocho ana milango miwili. Mmoja ni ngozi. Usidhani ngozi yake ni kama ganda la mende. Ni nyama hai, na ina maumbile ambayo huyaoni mwilini mwako: mwili mzima umefunikwa na seli moja kubwa iliyoungana, haina mipaka katikati, na viini vyake vimezama chini, vimeunganishwa na juu kwa vijinjia vyembamba. Juu yake kuna utando wa tabaka mbili, unaochakaa na kufanywa upya bila kukoma, na ndio unaomsaidia kujificha askari wa mwili wetu wasimtambue. Kwa ngozi hiyo anafyonza sukari moja kwa moja kutoka kwenye damu. Ni ngozi inayokula.

Mlango wa pili ni kinywa. Jike wa kichocho cha tumbo humeza seli nyekundu za damu takriban 330,000 kwa saa moja. Dume humeza takriban 39,000. Jike ndiye anayekula hasa, kwa sababu ndiye mwenye mayai, na hutaga hadi 300 kwa siku. Damu inapita kooni, seli zinapasuliwa, zinaingia kwenye utumbo ambao hauna tundu la nyuma. Umefungwa kama soksi. Kilichobaki baada ya kumeng'enywa, ule weusi nilioonyeshwa, anakitapika tena ndani ya damu yetu.

Nyuzi zikiwa ndani ya damu, basi, zinamgusa kwa nje na zinamezwa kwa ndani. Na kuna jambo la heri hapa. Nyuzi zinazotumika katika tiba zina tabia ya kung'ang'ania protini za damu, hasa albumini. Na albumini ni chakula cha mnyoo, vimeng'enya vyake vya utumboni vinaimeng'enya. Uzi unamfikia ukiwa umepandia kwenye kitoweo chake.

La pili na la tatu nitayaunganisha, kwa sababu kukaa na kudumu ni ndugu. Mnyoo huyu ana upungufu mmoja mkubwa: hawezi kujitengenezea purini, ule msingi wa herufi A na G. Sisi tunaweza, yeye hawezi kabisa. Inambidi azichukue kwetu. Na juu ya ngozi yake amejipanga sawasawa kwa kazi hiyo, ana vimeng'enya vinavyopukuta fosfati kutoka kwenye chembe zinazopita, kinachobaki anakivuta ndani na kukitumia kushona vinasaba vyake.

Unaona maana yake? Ukimtumia uzi mtupu wa DNA, ule wa kawaida kama ulivyo mwilini, kwake si sumu. Ni posho. Anaweza kuukata herufi moja moja, aule, na herufi ulizoziandika kwa uangalifu kumzuia asitage akaziingiza kwenye mayai mapya. Silioni jambo linaloonyesha zaidi ya hili kwa nini inatupasa kumjua mnyoo kabla ya kumwandikia dawa.

Dawa ya hilo ilipatikana kwa kubadilisha kitu kidogo. Katika uti wa uzi, mahali palipo na oksijeni, mkemia anaweka salfa. Ni mabadiliko ya chembe moja tu kila kiungo, lakini mikasi mingi ya mwilini, ile inayokata nyuzi za DNA, inashindwa kuung'ata uzi huo, au inaung'ata polepole. Tena salfa hiyo ndiyo inayoufanya uzi ushikamane na albumini na usichujwe haraka na figo. Nyuzi walizopewa minyoo katika majaribio yale ya miaka ya 1990 zilikuwa za salfa namna hii. Baadaye yakaja marekebisho mengine kwenye sukari za uzi, na aina nyingine zisizo na chaji kabisa.

Hata hivyo, kudumu si kufika. Uzi ukishapokewa na seli hauachiwi huru ndani. Utando unabonyea, unaufunika, unaufanyia kifuko, na kifuko kinaelekea mahali pa kumeng'enyea taka. Katika seli za binadamu inajulikana kwamba sehemu ndogo sana ya nyuzi ndiyo hutoroka kifukoni ikafika zilipo nakala. Nyingi zinabaki humo, nzima lakini kifungoni. Kwa hiyo mtafiti anaweza kuiweka rangi inayong'aa kwenye uzi, akamwona mnyoo wake anawaka kama kimulimuli, akafurahi, na kumbe nyuzi zote ziko vifukoni na nakala hazijaguswa. Ndiyo sababu lazima apime na nakala zenyewe, je, zimepungua? Na protini, je, imepungua?

Hapa niwatoe kidogo kwenye kichocho, twende kwa minyoo ya mviringo, maana wao wametufundisha somo kubwa kuhusu milango. Kuna mnyoo mdogo wa udongoni, asiyemdhuru mtu, urefu wake milimita moja, anaitwa C. elegans. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba RNA ya nyuzi mbili ikiingizwa ndani yake humnyamazishia jeni. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Mwaka ule ule wa 1998 ikagundulika kwamba huna haja hata ya sindano: mlishe bakteria waliobeba RNA hiyo, au mloweke ndani yake, na jeni inanyamaza karibu mwili mzima, mpaka kwa watoto wake.

Anawezaje? Baadaye ikajulikana kwamba ana milango maalumu. Mmoja, SID-2, uko kwenye ukuta wa utumbo, unapokea RNA kutoka kwenye chakula. Mwingine, SID-1, unaipitisha kutoka seli hadi seli. Dunia ya watafiti wa minyoo ikachangamka. Wakasema, kama huyu anafungua, na jamaa zake wanaotuumiza watafungua.

Hawakufungua. Walipojaribu kwa mnyoo wa kondoo, yule Haemonchus, jeni chache zilinyamaza na nyingi hazikujali. Vinasaba vya minyoo ya mviringo ambayo ni vimelea vilipochambuliwa, ikaonekana wengi wao hawana milango ile. Lakini wapo waliorudi mezani wakauliza swali zuri: zile jeni chache zilizonyamaza, zinakaa wapi mwilini? Mwaka 2011 jibu likachapishwa. Ni zile zinazofanya kazi mahali panapogusana na nje: utumbo, seli ya kutolea taka, na vitundu vya kunusia vilivyoko kichwani. Jeni zilizojificha ndani zaidi hazikufikiwa.

RNA ya nyuzi mbili si uzi wetu mmoja, na milango ya SID ilifanywa kwa ajili ya ile. Lakini somo linafaa kwa wote: chagua jeni iliyo karibu na mlango. Usitume barua chumba cha ndani wakati mpokeaji anaishia ukumbini.

Na kila mnyoo ana ukumbi wake. Mnyoo wa askaris na mnyoo wa mjeledi wanaishi ndani ya utumbo wetu. Uzi ukimezwa kama kidonge, asidi ya tumbo na mikasi ya utumbo wetu itaukatakata kabla haujawafikia. Ukidungwa sindano, utazunguka kwenye damu, na wao hawapo kwenye damu. Mnyoo wa safura ni tofauti kidogo: yuko utumboni lakini anakunywa damu, kwa hiyo kinachopita damuni kinamfikia kinywani. Minyoo wa matende wanakaa kwenye mirija ya limfu, wamevaa ganda gumu, ila ganda hilo linapitisha baadhi ya chakula. Kuna na Trichinella, wa nyama ya nguruwe isiyoiva, ambaye anamwaga nje ya mwili wake vimeng'enya vya jamii ya vile vya kukata DNA. Huyo mikasi anaitoa hadi barazani.

Ukiwapanga wote hao, utaona kwa nini mnyoo wa kichocho anaonekana kuwa na mlango ulio wazi kuliko wengi. Anaishi ndani ya damu yenyewe, ngozi yake inafyonza, kinywa chake hakipumziki. Tangu mwaka 2003 inajulikana kwamba ukimloweka kwenye RNA ya nyuzi mbili, jeni zake zinanyamaza. Na mwaka 2020 watafiti wa Texas walichapisha kazi kubwa mno: walizinyamazisha jeni 2,216 za mnyoo mkubwa, moja baada ya nyingine, ili waone zipi akizikosa anashindwa kuishi. Wametuachia orodha ya mahali pa kugonga.

Lakini yote hayo yalifanyika kwenye kisahani. Mwili wa mtu si kisahani. Ukimdunga mtu uzi kinyume, katika saa chache sehemu kubwa imeshatoka kwenye damu, na vinavyoivuta zaidi ni ini na figo. Mnyoo ana saa hizo chache tu za kupata fungu lake. Wataalamu wa tiba za ini walilifanya hilo kuwa faida: wakaufunga uzi na sukari tatu ambazo seli za ini zina mkono maalumu wa kuzipokea, ikawa kama barua yenye anwani, na dozi ndogo ikatosha. Kwa mnyoo bado tunahitaji anwani kama hiyo, kitu ambacho ngozi yake au utumbo wake unakivuta kwa uchu na seli zetu hazikigusi. Kwa mnyoo asiyeweza kujitengenezea purini, anayekula sukari kwa ngozi na albumini kwa kinywa, mimi naamini anwani hiyo ipo. Itapatikana na mtu atakayekaa chini kumtazama anakula.

Tena si lazima afe. Nilisema mwanzo kwamba mayai ndiyo yanayoharibu ini na kibofu. Uzi unaonyamazisha jeni moja ya kutengeneza yai ungeweza kumwacha jike hai, ila tasa. Mwili usingejazwa mayai, na ziwa lisingepata mayai mapya ya kuwaambukiza konokono wanaomlea mnyoo majini. Na jike, kama tulivyoona, ndiye anayemeza zaidi. Mlango ulio wazi kuliko yote uko kwa yule yule tunayetaka kumfikia.

Msikilizaji, sitaki uondoke hapa ukidhani dawa hii iko dukani. Haipo. Nusinerseni ilipoanza kuuzwa Marekani, bei yake kwa mwaka wa kwanza wa tiba ilitajwa kuwa dola 750,000. Mvuvi wa dagaa wa Mwanza hawezi hata kuiwaza fedha hiyo. Prazikwanteli ya shuleni inamfikia mtoto bure kwa sababu kuna kampuni iliyoahidi kutoa hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka. Kwa hiyo kama mtoto wako ameletewa dawa shuleni, mpe uji asubuhi, mwache ameze. Choo kitumike. Anayeoga ziwani ajue anachokutana nacho. Hayo hayangojei maabara.

Lakini kuna linaloniuma, na nitalisema wazi. Mnyoo anaishi kwetu. Konokono wake wako kwenye matete yetu, mayai yake yako kwenye kinyesi na mkojo wa watoto wetu. Aliyeanza kumwangalia mnyoo huyu akiwa mtoto, kwa kumwona kaka yake anashika tumbo, ana haki na ana sababu ya kuwa ndiye atakayemjua kinywa, ngozi na mikasi yake kuliko mtu yeyote duniani. Tuna taasisi za utafiti Mwanza, Kisumu, Ifakara, Pemba. Tuna vijana wanaosoma baiolojia chuo kikuu wakidhani vinasaba ni somo la mtihani. Kijana unayenisikiliza, gharama ya kuandika nyuzi imeshuka, na ramani za jeni ziko wazi kwa kila mwenye simu. Kinachotakiwa ni mtu wa kuketi mbele ya hadubini kwa saa nyingi, akimtazama mnyoo hai na kuuliza: uzi umeupitisha wapi, umeuweka wapi, umeufanya nini?

Ningependa kumaliza nilipoanzia, kwenye ule mstari mweusi. Siku ile niliutazama kama alama ya wizi, nikasikia uchungu. Leo nauona pia kama njia. Tangu tuanze kuzungumza, wewe na mimi, zimepita kama dakika ishirini. Katika dakika hizo jike mmoja amemeza seli nyekundu zaidi ya laki moja za mtu fulani, pengine mtoto aliyelala sasa hivi na daftari zake kando. Mara zote hizo kinywa kilikuwa wazi, na pamoja na damu angeweza kumeza chochote ambacho tungekuwa tumejifunza kukiweka humo.